Miaka Thelathini na Minne Katika Nafasi za Wenzangu

Wiki mbili zilizopita nilirudisha kadi ya kufungulia mlango wa nyuma wa ukumbi, pamoja na kufuli la kabati. Kadi waliipokea. Kufuli walisema si lao, basi niko nalo hapa nyumbani na sina cha kufungia. Huo ndio mwisho wa kazi yangu ya uigizaji wa muziki katika kumbi za London. Vijana watatu wa kwaya yetu hapa Walthamstow wameingia kwenye kazi hiyohiyo na wameniomba niwaelekeze, ndiyo maana ninaandika. Waliniomba kwa Kiingereza. Ninawajibu kwa Kiswahili kwa sababu najua mama zao watasoma kabla yao.

Vyeo sitavieleza, kwa kuwa sikupata hata kimoja. Nilianza nikiwa mwigizaji wa akiba na nimestaafu nikiwa mwigizaji wa akiba. Maana yake ni hii. Katika mchezo wa muziki kuna wale ambao picha zao zimebandikwa nje ya ukumbi, na nyuma yao kuna kundi la wanaoimba na kucheza. Kila mmoja katika kundi ana njia yake: anaingilia wapi, anasimama wapi, anabeba kiti kipi, anavua kofia kwenye neno gani. Mwigizaji wa akiba hana njia. Anajifunza njia za wote, kisha anakaa chini kwenye chumba cha kuvalia akisubiri mtu aumwe. Waingereza wanatuita kwa jina la bembea. Nimeuliza sababu miaka yote na kila mtu alinipa yake.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikwenda na viatu vya kuchezea, chupa ya maji na furaha. Mkubwa wa akiba katika mchezo ule alikuwa Bi Maureen, mama mfupi wa kaskazini ya Uingereza, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye alikuwa akifuma sweta wakati wengine wakicheza. Alitazama ndani ya mkoba wangu, akauliza penseli ziko wapi. Nikamwambia sikujua kwamba kuna mtihani.

"Rangi kumi na moja," akasema. "Wanawake ni kumi na mmoja. Kila mmoja rangi yake."

Alinituma dukani. Niliporudi alinionyesha daftari lake. Kila wimbo ulikuwa na ukurasa, na kila ukurasa ulikuwa na jukwaa limechorwa kutoka juu. Kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa huwa kuna namba zimepakwa rangi, sifuri katikati, halafu mbili, nne, sita kwenda kila upande. Ukiambiwa usimame kwenye nne, kidole gumba cha mguu wako kinaelekea nne, si karibu na nne. Katika daftari lile, wanawake kumi na mmoja walikuwa mistari kumi na moja ya rangi inayopishana bila kugongana. Nilikaa nalo wiki sita. Nunueni penseli za kuchonga, si kalamu za wino. Wino haufutiki, na mkurugenzi hubadilisha mawazo kila baada ya chakula cha mchana.

Jambo la pili alilonifundisha ni gumu zaidi. "Mtu akija kukuambia alikuona," alisema bila kuinua macho kwenye sweta lake, "ujue umekosea. Waone kofia. Waone gauni. Waone mstari ulionyooka. Wewe wasikuone." Niliandika maneno hayo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kwa penseli nyeusi, kwa kuwa nyeusi haikuwa ya mtu.

Sasa niwaeleze kuhusu mama yangu, maana bila yeye haya yote ni mafunzo ya penseli tu. Mama alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akaja kusomea unesi, akafanya kazi wodi ya mifupa miaka thelathini. Mimi nimezaliwa hapa. Alikuwa akinisemesha Kiswahili nami nikimjibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Nilipompigia kumwambia nimepata kazi katika ukumbi mkubwa, nilimweleza kila kitu isipokuwa neno akiba. Nilisema nitamweleza baadaye. Baadaye ilinikuta Jumamosi moja mchana, nikiwa chini kwenye chumba cha kuvalia, nikila mkate wa samaki. Mzee wa mlangoni alipiga simu akasema nina wageni wanne na wamevaa vizuri kuliko mtu yeyote jengoni.

Nilipanda mbio. Onyesho la mchana lilikuwa limekwisha dakika kumi zilizopita. Mama alikuwa amesimama na kofia yake ya kanisani, na nyuma yake akina mama watatu wa ushirika, wawili wa kwetu Kenya na mmoja Mkongomani, Mama Furaha. Walikuwa wamenunua tiketi kimyakimya ili wanishtukize, na wamekaa juu kabisa, kule ambako watu wa jukwaani wanaonekana wadogo.

"Nimekuona, mwanangu," mama akasema. "Ulikuwa yule wa kijani."

Yule wa kijani alikuwa Paulette, ambaye wazazi wake ni wa Jamaika. Alikuwa mwembamba kuliko mimi na amenizidi kimo kwa kichwa kizima. Nilifungua kinywa ili niseme ukweli. Mama Furaha alikuwa akijifuta machozi.

"Tulikuona kabisa, mtoto yetu," akasema. "Kabisa kabisa."

"Yes, Mum," nikasema. Mkate wa samaki ulikuwa bado shavuni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka thelathini na mitatu. Niliona aibu ya kumwambia mama yangu kwamba alivaa kofia, akapanda ngazi nne na kupiga makofi, na mimi nilikuwa chini yake nikila. Na uongo ule ulikuwa na meno ambayo sikuyaona siku ile. Mwigizaji wa akiba hajui siku ya kupanda. Anapigiwa simu saa sita mchana, mtu kavunjika kucha au kapoteza sauti, na saa tisa yuko jukwaani. Wenzangu walikuwa wakipata simu hiyo wanawapigia mama zao: njoo leo, napanda. Mimi mama yangu alijua napanda kila siku. Ningempigia nimwambie nini?

Basi mama akaendelea kuja kwa ratiba yake mwenyewe. Kila mchezo niliofanya alikuja, mingine mara mbili, na sijui bahati yetu ilikuwa ya namna gani, hakuwahi kuja siku ambayo nilikuwa juu. Kila mara alisubiri mlango wa nyuma na mkoba wake mkononi. "Nimekuona. Ulikuwa mwenye ufagio." "Nimekuona. Yule aliyelia pale sokoni." Katika mchezo wa nne alinichagulia mwanamke wa Kipolandi mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni. Nilisema ndiyo. Nilidhani macho yake yameanza kuharibika, nikamwombea miadi kwa daktari wa macho. Daktari alisema macho ni mazima. Nikaona daktari hajui kazi.

Tuendelee na kazi yenyewe, maana mtakosea na ni vizuri mjue wengine walikosea vipi. Kosa langu kubwa lilitokea mwaka wa tatu. Nilikuwa nimecheza njia ya rangi ya machungwa wiki mbili mfululizo, kisha siku moja nikaambiwa nipande kwa Paulette, kijani. Kichwa kilijua kijani. Miguu haikuambiwa. Katika wimbo wa viti miguu ilinipeleka kwenye kiti cha machungwa, ambako mwenye machungwa mwenyewe, aliyepona, alikuwa anakalia. Tulikaa wote wawili. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu katika wimbo ule hakuna anayeinuka mpaka ubeti wa tatu, na tuliimba beti mbili kila mmoja akiwa na nusu ya kiti. Watazamaji walicheka sana na mkurugenzi akafikiria kuliacha liwe hivyo. Bi Maureen alichukua daftari langu akaandika pembeni: miguu isome pia. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda, nilikuwa natembea njia nzima jikoni kwangu, kwa sauti ya chini, moja mpaka nane, moja mpaka nane. Fanyeni hivyo. Majirani watazoea.

Mtaniuliza kuhusu sinema, najua, maana vijana wote wanauliza sinema. Nimo katika nne. Katika ya kwanza nilikuwa nesi mwenye maneno matatu. Walikata uso na maneno, wakabakiza mkono ukishika dripu. Mama alikwenda kuitazama akarudi amekasirika. "Nesi gani anashika dripu hivyo? Mgonjwa angekufa." Katika ya pili na ya tatu nilikuwa maiti, na katika kazi ya maiti sina ushauri ila kula kidogo, kwa sababu tumbo husikika. Katika ya nne niliimba noti za juu kwa niaba ya mwigizaji maarufu ambaye koo lake halikufika huko. Sauti ni yangu na mdomo ni wake. Tuzo alipewa yeye, na kwa kweli mdomo aliufungua vizuri sana.

Nije kwenye Alhamisi ile, ambayo sipendi kuieleza. Yapata miaka kumi na mitano iliyopita mafua yaliingia katika kundi letu, wakaanguka watu sita siku moja, na mmoja wao alikuwa mwenye wimbo mkuu wa sehemu ya pili. Mwigizaji wake wa akiba naye alikuwa kitandani. Saa kumi na moja jioni meneja wa kundi aliingia chumba cha kuvalia, akahesabu tuliobaki, akanielekezea kidole. Ningeimba ule wimbo peke yangu, mbele, katikati, kwenye sifuri. Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye sifuri maisha yangu yote.

Nilitoka nje kwenye mlango wa nyuma nikapiga simu. Mama alikuwa amestaafu, yuko nyumbani, na kutoka Walthamstow kwa treni ya chini ya ardhi ni kama nusu saa. Aliita haloo mara mbili. Nilikuwa nimeshika simu na maneno yote yamejaa kinywani: Mama, njoo, leo ni mimi kweli. Lakini leo ni mimi kweli ina maana siku nyingine zote sikuwa mimi.

"Mama," nikasema, "ulipata mihogo sokoni?"

"Nilipata," akasema. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Niliimba. Watu walisimama. Nilirudi chumbani nikavua wigi nikalia, na mvalishaji akadhani ni furaha akanipa biskuti. Nimekuwa na siku nzuri nyingi kazini, na ile ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kwa mpangilio wake, goti la kulia likaanza kutoa maoni, Bi Maureen akahamia pwani ya kusini kufumia sweta huko, nami nikawa mkubwa wa akiba ninayewatuma wengine kununua penseli. Niliandika barua ya kustaafu. Wiki yangu ya mwisho ilikuwa katika mchezo wa jumba la tajiri mmoja, wenye watumishi wanne wanaobeba masinia, na katika umri wa miaka hamsini na minane nafasi nilizobakiziwa zilikuwa za hao watumishi.

Jumapili ya wiki hiyo tulikuwa na onyesho moja tu, saa tisa mchana. Asubuhi nilimpeleka mama kanisani, tukarudi kwake, nikawa namenya viazi. Ana miaka themanini na minne na anapenda viazi vimenywe kwa maganda membamba. Simu ikalia. Alikuwa meneja: Mtumishi wa Pili kashikwa na mgongo akifunga viatu. Nikasema nakuja. Nilipogeuka, mama alikuwa amezima jiko.

"Leo unapanda?" akauliza.

"Mama, mimi napanda kila..." Nikasikia nilichokuwa nasema. Nikasikia pia alichouliza. Kisu kilikuwa bado mkononi.

"Weka kisu chini," akasema.

Nikaweka. "Mama, sikuwa yule wa kijani."

"Najua. Yule wa kijani mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo, anauficha kwa kiatu. Wewe nilikuzaa na miguu sawa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Jina lako limeandikwa mwisho wa kile kijitabu cha onyesho, na pembeni wameandika kazi yako. Mimi nimesoma mafaili ya wagonjwa miaka thelathini, Dama, siwezi kusoma ukurasa mmoja?"

"Basi kwa nini ulisema umeniona?"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme hapana. Ukasema yes. Nikaona mtoto ana aibu, na mbele za watu, nikanyamaza. Nikasema siku ya kupanda kweli atanipigia." Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. "Kila mara nikakuchagulia mtu mbali zaidi, labda utakataa. Yule Mpolandi nilijua utakataa."

"Na yeye nilisema ndiyo."

"Na yeye ulisema ndiyo. Kisha ukanipeleka kwa daktari wa macho."

Nilikaa kwenye kiti. Hakunikazia macho. "Ile Alhamisi ya mihogo," akasema, "nilisikia sauti yako, nikajua. Nilivaa koti huku nimeshika simu. Ulipokata nikakaa nalo pale kwenye kochi, nikasema atapiga tena. Nilikaa nalo mpaka nikasikia joto."

Nilisema, "Nisamehe, Mama," na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumjibu kwa Kiswahili bila kufikiri.

"Lete koti," akasema. "Hilohilo."

Meneja alinipatia kiti kimoja safu ya tano. Nilimkabidhi mama kwa msichana wa mlangoni, nikakimbia kuvaa. Katika vijitabu vyote siku ile walikuwa wametia kijikaratasi cheupe, kama wafanyavyo daima akiba anapopanda: nafasi ya Mtumishi wa Pili leo itachezwa na fulani. Fulani nilikuwa mimi. Nilivaa gauni jeusi, aproni, kofia ya lesi na wigi la kijivu, sawasawa na wenzangu watatu. Njia ilikuwa ya zambarau. Niliingia kushoto na sinia, hatua nane hadi namba sita, nusu mzunguko, sinia juu, kichwa chini, nikatoka kulia. Niliingia mara tisa. Sikukosea hata kidole gumba. Nilitaka kugeuza uso kidogo kuelekea safu ya tano, kiasi cha unene wa sarafu, ili aone ni mimi. Sikugeuza. Mstari ungepinda, na wale watatu wanamtegemea wa pili.

Mama alinisubiri mlango wa nyuma, mkoba mkononi, kijikaratasi kimekunjwa ndani ya kifuko cha miwani. Nikangoja.

"Sikukuona," akasema.

"Hukuniona?"

"Niliwatazama wote wanne, mmoja mmoja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikatazama miguu. Nikatazama mabega. Sikujua ni yupi." Alisikitika kweli, mdomo ulimcheza. "Labda yule daktari alikosea."

Katika kazi yetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Bi Maureen angetupa sweta lake hewani. Nilikaa kwenye treni kando ya mama yangu, stesheni baada ya stesheni, nimesifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa, na nilikuwa nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Nyumbani viazi vilikuwa vimegeuka rangi ndani ya sufuria. Mama hakuvua koti. Alivuta kiti akakiweka kwenye mlango wa jikoni, akakaa, mkoba magotini, akavaa miwani.

"Haya," akasema. "Huyo wa pili anaingilia wapi?"

"Kushoto."

"Basi ingia."

Nikachukua sinia la chai. Niliingia upande wa friji, nikihesabu moja mpaka nane, nusu mzunguko mbele ya jiko, sinia juu, kichwa chini, nikatokea upande wa dirisha. Alitazama hatua zote bila kupepesa. Nilipoweka sinia chini aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya mgonjwa wake akitembea bila gongo.

"Sasa nimekuona," akasema. Kisha akajiweka vizuri kwenye kiti. "Na yule wa kijani?"

Nikamwambia kijani kina kuruka, na goti la kulia halitakubali. Akasema yeye ni wa wodi ya mifupa, goti atalishughulikia baadaye.

Nikasogeza meza.